Mei 29: jua mbele ya uso wa Ng'ombe, na kivuli kilichopita ng'ambo ya Mto Songwe

KivuliSaaSita (Mbeya)

Wakuu, kamwene.

Mwisho wa Mei ukifika, orodha za "leo katika historia" huanza kuzunguka kwenye magrupu: Waturuki kuiteka Constantinople (Istanbul ya leo) 1453, kupatwa kwa jua 1919, kilele cha Everest kufikiwa 1953. Zimepangwa kama mafungu ya nyanya pale soko la Mwanjelwa, kila fungu na bei yake, halihusiani na la jirani. Nafungua uzi huu nikiwa na hoja moja. Kati ya matukio hayo matatu, moja lilipata uzito wake kwa sababu ya mahali jua lilipokuwa siku hiyo mbinguni. La pili lilisukumwa hapo na upepo wa juu. La tatu, kwa kalenda iliyopo ukutani kwako, halikutokea tarehe 29 Mei kabisa.

Nianze na jua. Tarehe 29 Mei jua huwa kaskazini ya ikweta kwa nyuzi 21.6. Sisi Mbeya tupo nyuzi 8.9 kusini. Jumlisha: saa sita ya kweli jua linatupita nyuzi 30.5 kaskazini ya utosi. Ndiyo maana kivuli cha mchana kinaangukia kusini, na kibaraza kinachotazama kaskazini kinapata jua kutwa nzima. Kwa Mbeya jua linachomoza kama saa 12:54 asubuhi na kuzama saa 12:33 jioni, ukiacha milima inayoziba upeo. Iringa ni 12:43 na 12:26. Kaskazini ya dunia huu ni mwisho wa majira ya kuchipua na mchana wao unarefuka. Kwetu masika yamefunga, kipupwe kinaingia, na mchana wetu una saa 11 na dakika 39 tu.

Nyuma ya jua siku hiyo kuna kundinyota la Ng'ombe. Hatulioni kwa sababu ya mwanga wa mchana, lakini lipo. Jua linakuwa limekaa karibu kabisa na kishada cha Hyades, zile nyota zenye umbo la V zinazofanya uso wa Ng'ombe, na siku mbili tatu baadaye linampita Dabarani (Aldebaran), nyota kali kuliko zote za Ng'ombe. Hii ndiyo sehemu ya muhimu. Mengine yatafuata.

Nyalukolo_77 (Iringa)

Kumbe ndiyo maana Kilimia, kile kishada kidogo cha nyota (Pleiades), hakionekani kipindi hiki?

KivuliSaaSita

Ndiyo hasa. Kilimia kipo bega la Ng'ombe, na jua hukipita kama tarehe 20 Mei. Mwanzo wa Mei kinaonekana magharibi jioni kwa dakika chache, kisha kinapotea. Kinarudi mashariki alfajiri kuanzia katikati ya Juni. Wazee wa pwani wana msemo: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kwa Nyanda za Juu Kusini nusu ya pili ndiyo yetu. Kinazama mvua zikimalizikia, kinazuka ukungu wa asubuhi na baridi kavu.

FundiLenzi (Mbeya)

Hapo kwenye Hyades ndipo penye nondo, naomba nipaelezee.

Einstein alipokamilisha nadharia yake ya mvuto mwaka 1915, moja ya mambo aliyodai ni kwamba mwanga wa nyota ukipita karibu na jua unapinda. Kwa mwanga unaogusa ukingo wa jua, upindo ni sekunde 1.75 za tao. Sekunde ya tao ni nyuzi moja ukiigawa mara 3,600. Ukitumia hesabu za Newton na kuchukulia mwanga kama kitu chenye uzito, unapata nusu yake, 0.87. Kwa hiyo swali lilikuwa na majibu matatu: sifuri, 0.87 au 1.75.

Kupima unahitaji nyota zinazoonekana jirani na jua, yaani jua lizibwe kabisa. Na unahitaji nyota nyingi zenye mwanga wa kutosha, maana nyota hafifu zinamezwa na mwanga wa korona, ile taji ya mwanga inayozunguka jua lililozibwa. Jua linazunguka njia moja kila mwaka mbele ya nyota zilezile. Katika njia hiyo yote hakuna mahali penye kishada kizuri kama Hyades, na jua hufika hapo 29 Mei. Eddington, mwanafalaki Mwingereza, mwenyewe aliandika kwamba siku inayofaa kuliko zote kwa kupima mwanga ni hiyo. Sasa kupatwa kamili kuangukie siku hiyohiyo ni bahati ya mtende. Frank Dyson, mkuu wa kituo cha falaki cha Greenwich, Uingereza, alilitambua mwaka 1917, vita vikiwa vimepamba moto, na maandalizi yakaanza.

Timu zilikuwa mbili. Crommelin na Davidson walikwenda Sobral, kaskazini mashariki mwa Brazil. Eddington na Cottingham walikwenda kisiwa cha Príncipe, Ghuba ya Guinea.

Vifaa: kila timu ilikuwa na lenzi ya astrografu (darubini ya kupigia picha nyota) yenye umbali wa fokasi, yaani kutoka lenzi hadi pale picha inapotulia, wa mita 3.43. Sobral walibeba pia lenzi ndogo ya inchi 4, fokasi yake futi 19, karibu mita 5.8. Bomba lililazwa tu, halikugeuka. Kilichogeuka ni kioo bapa mbele yake, kinachoendeshwa na mashine ya saa ili kufuata anga. Kumbukeni kioo hicho, kitaleta balaa mbele.

Picha zilipigwa kwenye sahani za kioo. Kwa fokasi ya mita 3.43, milimita moja ya sahani ni sekunde 60 za tao. Nyota iliyopinda kwa sekunde moja inahama milimita 0.017. Unywele wa binadamu ni karibu mara nne ya hapo. Na ukiwa mbali na ukingo upindo unapungua: umbali wa vipenyo-nusu viwili kutoka katikati ya jua, 1.75 inakuwa karibu 0.87. Kwa hiyo walikuwa wanawinda robo ya unywele, wakati mwingine nusu ya robo hiyo.

MzeeWaChai (Tukuyu)

Na wakaipata? Hapo ndipo mimi huona chai. Nimesoma kwamba Eddington alichagua namba zilizompendeza na kutupa nyingine.

FundiLenzi

Nakuja huko mzee wangu, tulia kwanza.

Hatua zilikuwa hivi. Unapiga picha za nyota wakati wa kupatwa. Unapiga tena nyota zilezile usiku, jua likiwa limeshahama. Unazilinganisha kwa mikrometa, chombo cha kupimia umbali mdogo sana, nyota moja moja. Kisha unatenganisha vitu vitatu vinavyochanganyika: sahani kukaa mshazari kidogo, fokasi kubadilika na kuifanya picha nzima ikue au isinyae, na upindo wenyewe. Upindo unajitambulisha kwa tabia yake: mkubwa karibu na jua, mdogo mbali. Picha ikikua, inafanya kinyume: nyota za mbali na katikati ndizo zinahama zaidi. Ukikosea kutenganisha hivyo viwili, umekwisha.

Sobral mawingu yalifunguka dakika chache kabla. Astrografu ilipiga picha 19, lenzi ya inchi 4 ikapiga 8, moja ikaharibiwa na wingu, zikabaki 7 zenye nyota 7 safi. Wakabaki kule hadi Julai ili Ng'ombe atoke alfajiri wapige picha za kulinganisha kwa vifaa vilevile, mahali palepale. Huo ndio ufundi.

Príncipe asubuhi ilinyesha mvua kubwa. Giza lilianza saa 8:13 mchana kwa saa ya Greenwich, ambayo kwetu ni saa 11:13 jioni, likadumu sekunde 302. Walipiga sahani 16 kupitia mawingu. Mbili tu ndizo zilizofaa, kila moja na nyota 5.

Majibu, kwa sekunde za tao:
Sobral, lenzi ya inchi 4: 1.98, kosa 0.12.
Príncipe: 1.61, kosa 0.30.
Sobral, astrografu: 0.93.

MzeeWaChai

Na hiyo 0.93 ndiyo ya Newton! Wakaitupa. Ndiyo chai yenyewe.

FundiLenzi

Waliiweka pembeni, na ripoti inaeleza sababu. Tena uamuzi haukuwa wa Eddington, sahani za Sobral zilikuwa chini ya Dyson. Wakati wa kupatwa, nyota za astrografu zilitoka zimevimba, fokasi imehama. Usiku wa kabla zilikuwa kali. Julai zilikuwa kali tena. Kilichobadilika ni kile kioo bapa: asubuhi kilipigwa jua, upande mmoja ukapata joto kuliko mwingine, kikajikunja kidogo sana. Kioo kikijikunja kinabadilisha fokasi, na fokasi ikibadilika ukubwa wa picha unabadilika. Nimesema hapo juu, hilo ndilo kosa linaloweza kujificha kama upindo au kuumeza.

Kama ni ubishi tu ungekuwa na haki. Lakini sahani bado zipo. Mwaka 1979 Greenwich walizipima upya kwa mashine. Zile za inchi 4 zikatoa 1.90. Zile zilizowekwa pembeni zikatoa 1.55, kosa 0.34. Yaani hata zile "mbaya", ukizipima vizuri, zinakaa upande wa Einstein. Na 21 Septemba 1922, Campbell na timu yake ya kituo cha falaki cha Lick, Marekani, walipima tena huko Wallal, Australia, wakapata 1.72.

MzeeWaChai

Sawa, hiyo ya 1979 sikuijua. Narudisha kikombe.

Mwl_Jiografia (Kyela)

Mnazungumza Brazil na Príncipe wakati kivuli chenyewe kilikuja hadi mlangoni. Njia ya kupatwa ile ilianzia Amerika Kusini, ikavuka Atlantiki, ikapita Príncipe, Gabon, Kongo, ikafika upande wa Ziwa Tanganyika na kaskazini mashariki mwa Zambia, ikapita ncha ya kaskazini ya Malawi, ambayo ni ng'ambo tu ya Mto Songwe ukiwa Kyela au Ileje, ikaingia kusini mwa Tanzania na kumalizikia Msumbiji ya kaskazini na bahari, jua likielekea kuzama.

Majina haya ya nchi ni ya leo. Mei 1919 hakuna nchi iliyoitwa Tanganyika, jina hilo limekuja 1920. Tukuyu ilikuwa bado Neu-Langenburg kwenye ramani. Lettow-Vorbeck, jenerali wa Wajerumani, alikuwa amesalimisha silaha Abercorn, Mbala ya leo, miezi sita tu nyuma, 25 Novemba 1918. Tarehe 7 Mei 1919 wakubwa wa mkutano wa amani wa Paris walikuwa wameshaamua Uingereza ichukue udhamini, na 30 Mei, siku moja baada ya giza lile, Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji walitia saini makubaliano ya kuwapa Wabelgiji Rwanda na Urundi. Nchi inakatwa vipande mezani, kivuli cha mwezi kinapita juu yake bila pasi.

Nyalukolo_77

Sasa mwalimu, kama njia ilipita huku, kwa nini Waingereza hawakuleta darubini Ziwa Tanganyika? Hali ya hewa Mei huku ni safi kuliko Príncipe yenye mvua.

Mwl_Jiografia

Walilifikiria. Ufukwe wa magharibi wa ziwa ulikuwa kwenye orodha ya vituo vitatu vilivyochunguzwa, pamoja na Sobral na Príncipe. Tatizo ni urefu wa jua. Kadiri kivuli kinavyokwenda mashariki ndivyo jua linavyoshuka kwa mtazamaji. Jua likiwa chini, mwanga unapita kwenye hewa nene, nyota zinachezacheza na kufifia, na hewa yenyewe inapinda mwanga kwa kiasi kikubwa kuliko unachotafuta. Mtu anayetafuta sekunde 1.75 hawezi kukubali hewa ya machweo.

FundiLenzi

Naongeza mzigo: mashine ya saa, kioo bapa, bomba la mita 5.8, sahani za kioo na kemikali za kusafishia picha. Príncipe na Sobral unafika kwa meli, na Sobral kwa reli juu yake. Ziwani mwaka ule, baada ya vita vilivyomaliza wapagazi, nani angebeba?

Bi_Falaki (Iringa)

Jamani mmesahau ya tatu. Mleta uzi alisema Constantinople haikuanguka Mei 29. Nisaidie kulifafanua maana watu watadhani ni utani.

Mwaka 1453 kalenda iliyotumika ilikuwa ya Juliasi. Hiyo inaweka siku ya ziada kila mwaka wa nne bila kuruka, mwaka wake una siku 365.25, na mwaka wa jua ni mfupi kidogo kuliko hapo. Kila karne tatu hivi kalenda inachelewa zaidi ya siku mbili. Hadi 1453 ilikuwa imeachwa nyuma siku 9. Kwa hiyo Jumanne ile, 29 Mei ya Juliasi, kwa hesabu ya Gregori ni 7 Juni. Jumanne yenyewe haikubadilika, maana mzunguko wa wiki haukuguswa na marekebisho.

Kwa Hijria ilikuwa 20 Jumada al-Ula 857, au kwa majina yetu ya pwani Mfunguo Nane. Hapa Hijria inakusaidia kuliko kalenda ya jua, kwa sababu inakuonyesha mwezi moja kwa moja. Mwezi 20 ni mwezi unaopungua, unachomoza usiku umeshakwenda. Na wiki moja nyuma, 22 Mei, mwezi mpevu ulichomoza Constantinople sehemu yake ikiwa imepatwa. Waliozingirwa ndani ya kuta walilichukua vibaya. Kupatwa kwa mwezi hutokea ukiwa mpevu tu, 13 hadi 15 ya mwezi, kwa hiyo tarehe zinakubaliana: 13 ni kupatwa, 20 ni kuanguka.

Kwa kanuni hiyohiyo jua hupatwa mwezi ukiwa gizani tu, siku moja au mbili kabla ya kuandama. Mei 29, 1919 ilikuwa mwisho wa Shaaban 1337, Ramadhani imeshabisha hodi.

KivuliSaaSita

Ahsante dada. Na hapo juu ya siku 9 ongeza kitu cha pili. Mhimili wa dunia unayumba taratibu, nyota zinahama dhidi ya kalenda kama nyuzi moja kila miaka 72. Ukipiga hesabu zote mbili, siku Constantinople ilipoanguka jua lilikuwa limeshaipita Hyades kwa nyuzi kama 16, yaani zaidi ya wiki mbili za mwendo wake. Anga ya 1453 na anga ya 1919 zina jina moja la tarehe tu.

MzeeWaChai

Na kupatwa kwa jua kwa Thales, yule Mgiriki anayedaiwa kukutabiri, 585 kabla ya Kristo? Nako wanasema Mei.

Bi_Falaki

28 Mei, siku moja kabla, na nayo ni Juliasi iliyorudishwa nyuma kwa hesabu. Usiifunge na hizi.

DereyaMakambako

Everest je? Hiyo mbona ni watu tu kupanda mlima, nyota zinaingiaje?

Mwl_Jiografia

Nyota haziingii, upepo ndio unaingia. Sehemu kubwa ya mwaka kilele cha Everest kinapigwa na mkondo mkali wa upepo wa juu. Mwisho wa Mei mkondo unasogea kaskazini kwa sababu masika ya Asia yanakaribia. Masika yenyewe yakifika, theluji inaporomoka na njia inafunga. Katikati ya hayo mawili kuna siku chache za utulivu, ndiyo maana miaka mingi watu hufika kileleni nusu ya pili ya Mei.

Msafara wa Waingereza ulioongozwa na John Hunt uliingia kwenye upenyo huo. 26 Mei 1953 Bourdillon na Evans walijaribu kwanza, wakafika Kilele cha Kusini, wakarudi wakiwa wamebakiza mita kama 100. Hillary na Tenzing walilala kambi ya tisa, karibu mita 8,500. Asubuhi ya tarehe 29 viatu vya Hillary vilikuwa vimeganda, vikachukua saa mbili juu ya jiko kulainika. Wakaondoka 12:30 asubuhi, wakafika 5:30, wakakaa kama dakika 15. Hewa kule ina mgandamizo wa karibu theluthi moja ya pwani. Rungwe yetu haifiki mita 3,000, na bado mgeni kutoka Dar anahema Kitulo.

Habari ilitangazwa London asubuhi ya 2 Juni, siku ya kutawazwa Elizabeth II. Tarehe hiyo ya kutawazwa ilipangwa na mtu, siyo na upepo.

Nyalukolo_77

Nigeria 1999 na siku ya walinda amani mbona hamzitaji?

Mwl_Jiografia

Ni tarehe za karatasi. Obasanjo aliapishwa 29 Mei 1999. Umoja wa Mataifa ulichagua siku ya walinda amani kukumbuka azimio la 29 Mei 1948. Zina uzito wake, lakini ungezisogeza wiki moja mbinguni kusingetokea kitu. Nigeria wenyewe wameshahamishia Siku ya Demokrasia 12 Juni.

Bi_Falaki

Nirudi kwenye kupatwa kidogo. Swali zuri ni kwa nini kile cha 1919 kilikuwa kirefu hivyo, dakika 6 na sekunde 51 mahali kilipozidi, wakati cha Rujewa 2016 hakikuziba kabisa.

Ni umbali. 1919 mwezi ulikuwa karibu na dunia na jua lilikuwa linaelekea mbali, maana dunia hufika mbali zaidi na jua mwanzo wa Julai. Mwezi mkubwa, jua dogo, giza refu. 1 Septemba 2016 mwezi ulikuwa mbali, siku chache tu kabla ya kufika mwisho wa umbali wake. Upana wake ukafika kama asilimia 97 ya jua, ikabaki pete kwa karibu dakika 3. Mahali pa kilele cha kupatwa kule palikuwa humuhumu nchini, kusini, saa 6:07 mchana.

Kupatwa kwa 1919 kina ndugu. Baada ya miaka 18, siku 11 na kama saa 8, jua, mwezi na dunia hurudi kwenye mpangilio uleule karibu kabisa: 1937, 1955, 1973, 1991, 2009. Kile cha 30 Juni 1973 kilipita kaskazini mwa Kenya. Anayefuata ni 2 Agosti 2027, atapita Misri, Saudia, Yemen na ncha ya Somalia. Zile saa 8 ndizo zinazosogeza njia theluthi moja ya dunia kila mara, na siku 11 ndizo zinazohamisha tarehe. Ukitaka tarehe irudi ilivyo, kuna mzunguko wa miaka 19: 29 Mei 1938 jua lilipatwa tena kabisa, ila kusini kwenye bahari ya barafu, na kwa umbo tofauti.

DereyaMakambako

Ya Rujewa watu walitazama kwa filamu za eksirei.

FundiLenzi

Filamu ya eksirei haifai. Inapunguza mwanga unaouona, jicho linatulia, mboni inafunguka, na miale ya joto usiyoiona inapita na kuchoma nyuma ya jicho ambako hakuna maumivu. Beseni la maji ni vilevile. Kioo cha kuchomelea kiwe namba 14, cha namba 10 hakitoshi. Rahisi kuliko vyote: toboa karatasi ngumu tundu la milimita moja, lielekeze jua, shika karatasi nyeupe mita moja nyuma, tazama picha ya jua kwenye karatasi, mgongo ukiwa kwa jua. Itakuwa na upana wa milimita 9. Usichungulie kwenye tundu.

Nyalukolo_77

Na tarehe 29 yenyewe mtu wa Iringa afanye nini asiyekuwa na darubini?

KivuliSaaSita

Kivuli. Chukua fimbo, ibaki mita 1 kamili juu ya udongo uliosawazishwa. Isimamishe kwa timazi. Saa sita ya kweli Iringa ni kama 6:35, Njombe 6:38, Mbeya 6:44, kwa sababu saa zetu zinafuata longitudo 45 iliyo mashariki yetu. Kivuli kifupi: Iringa sentimita 56, Mbeya 59, Njombe 60.

Usiviziye dakika ya kivuli kifupi kwa macho, karibu na saa sita urefu haubadiliki kiasi cha kuonekana. Chora duara kuzunguka fimbo, nusu kipenyo mita 1 hivi. Weka alama ncha ya kivuli inapokata duara asubuhi, na tena mchana. Gawa katikati: huo ndio mstari wa kusini na kaskazini, na katikati ya nyakati hizo mbili ndiyo saa sita yako.

Makosa ya kawaida: fimbo ikiinama nyuzi moja kuelekea kusini au kaskazini, urefu unabadilika karibu sentimita 2. Angalia sasa, tofauti nzima ya Iringa na Mbeya ni kama sentimita 2 na nusu. Umekosea timazi, umehamisha mji. La pili, ncha ya kivuli haina ukingo mkali, ina ukungu wa zaidi ya sentimita moja kwa sababu jua lina upana. Funga juu ya fimbo kikadi chenye tundu dogo, upime katikati ya doa la mwanga. Urefu uchukue kutoka tunduni hadi udongoni, siyo kutoka ncha ya fimbo.

Kisha kokotoa: kivuli gawa kwa urefu, tafuta pembe yake. Mbeya 0.59 ni nyuzi 30.5. Toa 21.6 za jua. Imebaki 8.9, ndiyo latitudo yako.

Bi_Falaki

Usiku je? Saa 2:45 Mbeya Msalaba wa Kusini unasimama wima, nyuzi 39 juu ya upeo wa kusini. Nyota mbili kali zinazouelekeza zipo kushoto kwake, zinafika juu kabisa kama saa 5. Moyo wa Nge, ile nyota nyekundu, unapanda hadi nyuzi 72 baada ya saa 6 na nusu usiku.

FundiLenzi

Mwenye darubini afunge mkono wa karatasi ngumu nyeusi mbele ya lenzi, urefu mara moja na nusu hadi mbili ya kipenyo. Kipupwe cha huku umande unakaa kwenye kioo ndani ya nusu saa. Usifute kwa nguo, unakwaruza. Elekeza chini, subiri, au pepea.

MzeeWaChai

Na sisi wa Tukuyu ambao tarehe 29 yenyewe mara nyingi ni wingu na ukungu kutwa?

KivuliSaaSita

Pima 28 au 30, mzee wangu, ila usitumie 21.6. Tarehe 28 toa 21.4, tarehe 30 toa 21.75. Kivuli kinarefuka kama milimita 4 kila siku kipindi hiki, kasi inapungua kadiri Juni 21 inavyokaribia. Siku hiyo Mbeya kitafika sentimita 63 na kuanza kurudi.